Mnazi Uliokatwa Kama Mkorosho

Mke wangu ni mtu wa Lindi. Alipotoka kumzika mama yake alirudi kwetu Mnyambe, juu kwenye nchi ya Wamakonde, na nazi moja iliyokwisha kuota, ameipakata njia nzima. Aliipanda nyuma ya jiko, akatia chumvi shimoni kama wanavyofanya kwao. Majirani walimcheka: "Mama, huku juu ni korosho. Bahari utaileta kwa ndoo?"

"Nazi huelea na kumbi lake mpaka nchi za watu," akawajibu. "Itashindwa na kilima?"

Uliota, lakini polepole. Mwaka wa kumi na mbili ndipo ulipotoa karara la kwanza la maua, na mwaka huohuo mke wangu akalazwa hospitali ya Mkomaindo. "Nitunzie," aliniambia. "Nikirudi nataka kuonja dafu lake."

Wiki ileile nikaona makuti machanga yametobolewa na chonga, wale wadudu wenye pembe. Nikafanya tunavyofanya sote huku mkorosho ukizeeka au kuugua: unaukata juu, mvua ikinyesha unachipua upya, tena unazaa kuliko mwanzo. Jirani alinishikia ngazi. Nikasema Bismillahi, nikaukata kichwa kwa msumeno.

Mvua zikaanza. Wiki ya tatu, ya nne, sikuona kitu. Subira nilifundishwa tangu chuo cha Kurani, nikaendelea kungoja, mpaka bwana shamba alipopita. Aliniamkia, akautazama mnazi, akavua kofia.

"Mzee wangu, mnazi si mkorosho. Huu ni ndugu wa mtende na mvumo, hauna jicho la kuchipulia ubavuni. Unakulia mahali pamoja tu, na mahali penyewe pamo ndani ya kile kichwa ulichokitupa."

"Na wale chonga?"

"Wangetolewa kwa waya, mzee."

Kesho yake nilikwenda Mkomaindo. Daktari alinipokea mlangoni, akaniambia dawa hazimsaidii tena, nikitaka nimchukue nyumbani. Mke wangu aliuliza habari za mnazi kabla ya habari za wajukuu. Nikamwambia kweli yote.

Akacheka hadi akakohoa. "Wamakonde nyie! Hata kuku mngemkata kichwa mkangoja achipue."

"Nisamehe, mama. Nitakwenda Lindi nilete mche mwingine."

"Utazaa lini?"

Nilimshukuru Mungu kwamba bado alikuwa na nguvu za kuuliza. Jibu nililijua, naye alilijua. Nikamwinulia mto, nikamnywesha maji.