Kumfuata Nasri kwa Waskoti wa Ufaransa

Nilitoka Ibra na hasira, sifichi. Mwanangu Nasri, aliyekwenda Ufaransa kusoma, alimpigia mama yake simu kumwambia kapata kazi huko huko, harudi. Mke wangu akalia mpaka sauti ikamkauka. Nikamwambia, "Nyamaza, namfuata. Nitamrudisha, atake asitake."

Asubuhi nikashika njia ya Maskati. Lami ilikuwa bado mpya, milima mikavu huku na huku, nami ndani ya gari nagomba peke yangu kama mwendawazimu. Ndege ikanifikisha Paris. Kutoka hapo treni, kisha basi, mpaka kimji kidogo kando ya mto mwembamba. Nasri alikuwa kituoni.

"Shikamoo, baba."

Sikumwitikia.

Mjini nikastaajabu. Nyumba kongwe za mbao na udongo, na madirishani bendera za Uskoti! Nikadhani nimepotea nchi.

Mchana tukala kwa Madam Odile, bibi aliyempangisha Nasri chumba. Mwanangu akawa mkalimani. Bibi akatusimulia kuwa zamani sana mfalme wao aliwapa Waskoti mji huu, kwa kuja kumpigania vitani. Ulipoungua, wao ndio waliousimamisha tena.

"Na sasa wako wapi hao Waskoti?" nikauliza.

Akacheka, akajigusa kifua. "Ndio sisi."

Jioni, kando ya mto, nikapasuka. "Wee mtoto, huna haya? Mama yako hali, halali, nawe unakaa kwa watu! Kwenu kupo!"

"Kwetu wapi, baba?" Naye alikuwa na hasira zake. "Ulipokwenda kuniposea kwa Ammi Khalfan alikujibu nini, mbele ya watu? Kwamba hamuozi bintiye kwa Mzinjibari, eti kwa kuwa sisi tumerudi juzi tu kutoka Zinjibari. Na babu yake na babu yako ni ndugu, tumbo moja!"

Wallahi alisema kweli. Asubuhi akanisindikiza kituoni. Nilimkumbatia, lakini hasira haikutoka. Ilibadili njia tu.

Nilirudi Ibra peke yangu. Kwetu msafiri akirejea, wanaume hukusanyika sablani, ukumbi wetu wa baraza, kahawa ikapita, kisha huulizwa khabari. Naye hujibu, "Hakuna ila kheri," hata kama ametoka kuzika. Mabaya husemwa baadaye, pembeni. Aliyeniuliza siku hiyo ni Khalfan mwenyewe, kwa kuwa ndiye mkubwa wetu.

"Khabari za safari?"

"Za shari," nikasema.

Vikombe vikasimama. Nikaendelea, sauti juu. "Nasri harudi. Nimekwenda nikaona watu waliotoka mbali wakaambiwa huu mji wenu, na leo wenyeji wanajivunia kuwa wao ndio hao. Sisi tumerudi kwa babu zetu wenyewe, na wewe, Khalfan, umemfukuza mwanangu. Mama yake anamlilia kwa ajili yako."

Akaweka kikombe chini. "Taratibu, bwana. Kuna watu hapa."

"Siku uliponikatalia posa," nikamwambia, "watu walikuwa hawa hawa."