Cherehani ya Njia ya Kama

Wakati wa Wabelgiji nilikuwa fundi katika karakana ya reli hapa Kindu, na mapumziko yangu yote yaliishia kwenye cherehani kuukuu. Nilinunua zile nyeusi za kuzungushwa kwa mkono, zikiwa zimekufa. Nilizifungua, nikaziloweka katika mafuta ya taa, nikachonga upya vipande vilivyovunjika. Zikipona siuzi. Nilikuwa nazo tisa, zimepangwa ukutani kama watu walioketi matangani.

Ya kumi niliipata kwa mchuuzi aliyevuka mto kutoka Alunguli akiwa ameifunga ndani ya gunia. Nilipomwuliza ni ya nani, alijibu kwamba mwenyewe hashoni tena. Sindano ilikuwa imekatwa, na gurudumu limepasuliwa kwa kitu kizito. Nilidhani ilianguka. Ndani ilijaa udongo mwekundu, na mizizi myembamba myeupe ilikuwa imejisokota pamoja na uzi wa buluu uliobaki kwenye bobini.

Ilinichukua majuma matatu kuitengeneza. Ikashona vizuri, ila kila baada ya mizunguko michache ilitoa mlio mdogo, kama mtu anayegonga ulimi. Nilibadilisha hiki na kile, mlio haukuondoka. Siku moja mke wangu aliniuliza kwa nini nimeshona tangu asubuhi bila kumwitikia. Nilikuwa ndiyo kwanza ninarudi kutoka kazini. Kuanzia hapo hakukaa tena nyumbani peke yake.

Jumapili moja mchana nilikuwa nashona foronya, mlango ukiwa wazi. Mwanamke aliyekuwa akitembeza mihogo alisimama pale, beseni kichwani, akaniomba nizungushe tena. Nikazungusha. Akatua beseni, akaketi chini.

"Papa, hii njo mashini ya dada yangu," alisema. "Inaita hivi hivi."

Nilimwambia cherehani hufanana. Akasema nitazame chini ya ubao, kuna alama tatu zilizochomwa kwa chuma cha moto. Nikaipindua. Zilikuwepo.

"Na dada yako iko wapi, mama?"

"Iko kwenye kaburi. Na mashini tuliiacha juu yake."

Alinieleza kwamba dada yake alifia uzazini, kijijini kwao, ng'ambo ya mto, kwenye njia iendayo mji wa Kama. Walikata sindano na kuvunja gurudumu kwa mikono yao wenyewe, kama inavyofanywa kwao, ili mtu mwingine asiitumie.

"Wewe umeiponya," alisema. Sikujua kama ananishukuru au ananilaumu.

Niliomba ruhusa ya siku mbili kazini, tukavuka mto pamoja. Tulipanda lori, kisha tukatembea, mimi nimebeba cherehani begani. Makaburi yalikuwa nyuma ya nyumba. Juu ya kaburi la dada yake majani yalifika magotini, isipokuwa mahali pamoja: mstatili mtupu, udongo mbichi, kana kwamba kitu kimeinuliwa asubuhi ile. Yule mchuuzi aliniuzia miezi minne kabla. Niliitua pale, ikaingia sawasawa.

Mwanamke akanipa jiwe. Gurudumu lile nililichonga mimi mwenyewe. Nikapiga mara mbili, likapasuka.

Kisha alichutama akaongea na dada yake kwa lugha yao, taratibu, kama anayempa habari za nyumbani. Mara kwa mara alinyamaza, akisikiliza. Wakati mmoja alinitazama, akatikisa kichwa kukataa, akaendelea.

Njiani nilimwuliza pale alipotikisa kichwa walikuwa wakisema nini.

"Aliuliza jina lako," alisema. "Sikumupa."

Tukaendelea kutembea, yeye mbele, mpaka tuliposikia lori.