Fundi Subiri na mguu wa boti uliogoma

Ukimpelekea huyu mama kitu kibovu, usitegemee atakimbilia spana. Kwanza atakiangalia. Halafu atakuuliza maswali, yaani maswali mpaka uanze kuhisi kilichoharibika ni wewe. Kilianza lini? Ulikuwa unafanya nini? Nani alikigusa mwisho? Ukimharakisha anakujibu maneno mawili tu: subiri kwanza. Ndo maana pale gatini watu wameshasahau jina lake la kwenye cheti. Ni Fundi Subiri, na mwenyewe anaitika.

Hiyo tabia haikuja bure. Akiwa na miaka kumi na tisa alikuwa anajifunza ufundi kwenye yadi ya malori ya mchanga, yale yanayoinua bodi kwa jeki ya haidroliki. Siku moja lori likagoma kuinua. Yeye na moto wake wa ujana akafungua pampu yote, akapanga vipande juu ya gunia, siku mbili anasugua tu. Siku ya tatu dereva mmoja akapita, akachungulia chini ya dashibodi, akatoka na fyuzi iliyoungua.

"Hii uliiangalia?"

Hakuwa ameiangalia. Yadi ilicheka mpaka jioni, na kesho yake ikaanza upya.

Aliyempeleka kwenye yadi ile ni mjomba wake, kaka wa mama yake. Mafundi walisema msichana atachafua gauni. Mjomba akawajibu, "Nguo zinafuliwa," kisha akakaa getini na gazeti lake, akalisoma mpaka matangazo ya vifo, mpaka wakachoka kumwona wakampokea binti. Fundi Subiri ana miaka arobaini na tatu sasa, ana mjukuu, na hilo hajalisahau.

Sasa Mjomba ni nahodha wa boti inayovusha watu kwenda ng'ambo: walimu, wauguzi, wenye mizigo yao. Injini ya boti ile imekaa ndani, lakini propela iko nje kwa nyuma, chini ya kitu wanachokiita mguu. Mguu unapandishwa na kushushwa na jeki mbili ndogo, na jeki zinasukumwa na pampu ya mafuta. Ng'ambo maji ni mafupi na chini ni mawe matupu. Mguu usipopanda, propela inasaga mawe. Kwa hiyo mguu ukigoma, safari hakuna.

Na ulikuwa unagoma. Ukibonyeza swichi unapanda kwa kushtukashtuka kama mtu anayepanda ngazi na ugonjwa wa gauti, na kila siku kuna dimbwi la mafuta chini ya pampu.

Mwenye boti wanamwita Mkurugenzi, kwa sababu anavaa tai, ingawa kampuni yote ni boti moja na maturubai mawili. Yeye alikuwa na jibu lake tayari. Mzee ana miaka sitini na moja, macho yamechoka, kagonga jiwe, jeki zimepasuka. Akamwambia Fundi Subiri mbele ya Mjomba mwenyewe, "Kesho saa nne nakuja. Ukiniambia ni jiwe, namshukuru mzee kwa utumishi wake, Jumatatu anakuja nahodha mwingine."

Mjomba alikuwa anakunja kamba, akaikunja vizuri zaidi.

Fundi Subiri akaingia kazini. Betri ikapima sawa. Akabonyeza swichi, mota ya pampu ikanguruma, kwa hiyo umeme haukuwa na neno. Jeki akazikagua kwa kidole na tochi, hakuna ufa, hakuna mkwaruzo, jiwe halijawahi kuzigusa. Mipira ya kupitishia mafuta mikavu. Lakini tangi la pampu ni la plastiki nyeupe, unaona ndani bila kufungua, na mafuta yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Hapo kila fundi anajua: maji yameingia. Ndo maana mguu unashtuka. Ila yaliingilia wapi? Na mafuta yanatokea wapi? Kifuniko alikikuta kimelegea, akakikaza, akajiambia ni mtetemo wa injini.

Mchana akakimbia nyumbani, chumba na sebule nyuma ya duka la vioo, akachukua poda ya mjukuu dirishani.

"Mama, hiyo poda ya mtoto," binti yake akasema.

"Naazima."

"Boti imetoka upele?"

"Wewe mwogeshe mtoto."

Poda ni ujanja wa zamani wa yadi. Unapaka kila kiungo kikavu, mafuta yakitoka hata tone, poda inalowa na inakuonyesha mahali. Akapaka mipira, akapaka jeki, boti nzima ikanukia kama mtoto katoka kuoga. Akapandisha mguu mpaka juu, akachora mstari wa chaki kwenye fimbo ya jeki ili ajue kama utashuka wenyewe, akaondoka.

Ila kuna kitu kimoja hakufanya, na ndo kitu anachofanya kwa kila mtu. Hakumuuliza Mjomba hata swali moja. Utamhojije mtu aliyekaa getini kwa ajili yako, tena Mkurugenzi ameshamsomea hukumu? Aliona ni kukosa adabu.

Asubuhi akawahi kuliko kawaida. Jua lilikuwa ndo linatoka, na Mjomba alikuwa tayari ndani ya boti, kampa mgongo, anaimba kwa pua. Mguu bado uko juu. Mstari wa chaki uko palepale. Poda kavu kila mahali. Na Mjomba kainama na jagi la kijani, anamimina mafuta kwenye tangi. Akajaza mpaka alama. Akarudisha kifuniko, akakikaza, kisha taratibu akakilegeza tena. Halafu akachukua bomba la maji na sabuni, akaanza kuosha sakafu, pampu, kila kitu, kama mtu anayeogesha mtoto wa kwanza.

Fundi Subiri akasimama pale gatini. Kila kitu kilikuwa wazi, na hakuna mwingine aliyekiona. Angeweza kubadili mafuta kimyakimya, akaze kifuniko, na saa nne aseme neno moja tu, sili, zile pete za mpira zinazozuia mafuta yasivuje. Sili zimechoka. Nani angebisha?

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Leo umewahi, au umefukuzwa na ndoto?"

"Nina swali."

"Jana hukuwa nalo."

"Jana nilikuogopa."

"Na leo?"

"Leo nakuogopa zaidi, ndo maana nauliza."

Mjomba akafunga maji.

"Mafuta unaongeza kila siku mguu ukiwa juu?"

"Boti inalala mguu juu, sasa niongeze lini? Kila asubuhi nakuta yamepungua."

"Na kifuniko?"

"Nakilegeza mzunguko mmoja na nusu, tangi lipumue. Boti ya zamani ilikuwa hivyo, iliandikwa mpaka kwenye kitabu chake. Miaka kumi na minane, haijawahi kunisumbua."

"Mjomba, shusha mguu."

Akabonyeza swichi. Mguu ukashuka kwa mashtuko yake, na mafuta yakaanza kuchuruzika kupitia kifuniko, yakateremka ubavuni mwa tangi, yakafanya dimbwi palepale lilipokuwa linaonekana kila siku.

"Mguu ukiwa juu, mafuta mengi yametoka kwenda kwenye jeki," Fundi Subiri akasema. "Tangi linaonekana limepungua lakini halijapungua, wenyewe wako safari. Ukishusha wanarudi nyumbani, wanakuta umeshaweka wageni kwenye viti vyao. Lazima mtu atolewe nje. Na hii pampu haitaki kifuniko kilegee, inapumulia sehemu nyingine. Ukiosha, maji yanaingia."

Mjomba akaliangalia dimbwi.

"Kwa hiyo nailisha, inatapika, nafuta matapishi, halafu naenda kusema inaumwa."

Fundi Subiri alijitahidi asicheke. Mjomba naye hakucheka. Akaketi juu ya sanduku la maboya.

"Saa nne utamwambia nini?"

"Sijui."

"Mwambie sili."

"Sili ni nzima."

"Najua ni nzima. Nakuomba."

Hapo ndo pagumu. Mjomba hajawahi kumwomba kitu. Fundi Subiri akafuta mikono kwenye ovaroli, akaifuta tena ingawa ilikuwa safi.

"Ukinilazimisha nitasema. Atanunua sili, nitazifunga, na kila nikipita hapa nitajua. Na wewe utajua."

Mjomba akainua mkono.

"Subiri kwanza," akasema. "Tuitengeneze. Mengine baadaye."

Wakafanya kazi. Mafuta ya chai wakayanyonya yote kwa bomba la sindano, wakaweka mapya, mguu ukiwa chini. Mjomba akabonyeza swichi, juu, chini, juu, chini, hewa ikitoka taratibu, na yale mashtuko yakapungua. Mafuta yakaharibika rangi kidogo, wakayatoa tena, wakaweka mengine. Mara ya tatu mguu ukapanda mpaka juu bila kukwama hata sehemu moja. Mjomba akaupandisha tena bila sababu yoyote, kwa raha zake tu.

Saa nne kamili Mkurugenzi akashuka ngazi za gati, tai mbele.

"Haya fundi. Jiwe au si jiwe?"

"Si jiwe."

"Ni nini?"

Fundi Subiri akafungua mdomo. Mjomba akamwahi.

"Ni mimi," Mjomba akasema. Akasimama, akaeleza yote mwenyewe, jagi, kifuniko, bomba la maji, boti ya zamani, hakuruka kitu. Alipomaliza akaweka funguo za boti juu ya usukani.

Mkurugenzi akashika tai yake, akaiachia.

"Unaosha pampu kwa sabuni?"

"Kila siku."

"Hata Jumapili?"

"Jumapili naosha na viti."

Mkurugenzi akapanda kwenye boti, akabonyeza swichi. Mguu ukapanda laini, ukashuka laini. Akabonyeza tena. Akatoa simu, akasogea pembeni, wakamsikia anasema, "Ile ya Jumatatu haipo tena. Hapana, hajaondoka. Anapenda boti kupita kiasi, ndo tatizo lake."

Akarudi akachukua jagi la kijani, akampa Fundi Subiri.

"Hili likae kwako. Na wewe mzee chukua funguo zako, kuna walimu wanasubiri pale juu."

Siku hiyohiyo Fundi Subiri akaandika kwa rangi nyeupe ubavuni mwa pampu: MGUU CHINI KWANZA. KIFUNIKO KIKAZWE. Mjomba akasoma, akasema mwandiko mbaya.

Tangu hapo, kila asubuhi saa kumi na mbili na robo simu ya Fundi Subiri inalia. Ni picha ya tangi, mguu ukiwa chini, mafuta yako kwenye alama, kifuniko kimekazwa. Haina salamu wala neno. Binti yake anasema Mjomba amekuwa kama wale wanaopiga picha chakula. Yeye anamjibu kwa dole gumba na kuendelea na chai.

Juzi picha ikaja, akaiangalia, akaweka kikombe chini, akapiga simu.

"Mjomba, nyuma hapo naona mguu uko juu."

"Najua uko juu."

"Sasa?"

"Nilitaka kujua kama hizi picha unaziangalia."