Duka Lisikose Mwanamume

Mimi napiga pasi kwa fundi cherehani mmoja mjane, na nisiwe mnafiki: nampenda kuliko dada zangu wa tumbo moja. Duka lile alilianzisha mwenyewe. Mumewe, Mungu amrehemu, hakuwahi kushona hata kifungo. Lakini alipofariki, ukoo ukakaa kikao, na baba mkwe akatoa sheria: mwanamke haendeshi duka peke yake. Likikutwa wazi bila mwanamume ndani, hata mara moja, linahamia kwa shemeji.

Na mwanamume wa kukaa ndani ni nani? Shemeji huyo huyo! Jamani, si kumkabidhi fisi bucha huko?

Kazi yake ilikuwa kukalia kiti, kuagiza chai na kutuita "nyie wanawake". Asubuhi moja nikamsikia uani akiongea na simu: "Baba, njoo leo saa sita. Hutakuta mwanamume humu." Yaani achomoke mwenyewe, halafu sisi ndio tuvunje sheria! Nilichemka kuliko pasi yangu. Nikaenda kumnong'oneza fundi, naye akabaki ameuma pini zake, anamtazama shemeji kwa nyuma.

"Shemeji," akasema kwa upole, "suruali yako imeachia mshono. Mkubwa kama wewe utatembeaje hivyo? Nipe niishone."

Kweli ilikuwa imeachia. Shemeji akaingia nyuma ya pazia, akairusha nje. Fundi akaidaka, akanipa, nami nikaizamisha kwenye beseni la maji ya sabuni.

"Mbona mnailowesha?" akafoka.

"Ilikuwa chafu, shemeji. Jisitiri na hilo gauni la harusi hapo. Wewe na bibi harusi mna umbo moja, na mimi nitapata kuangalia mgongo wa gauni unavyokaa."

Alitukana weee, mwishowe akalivaa. Angetokaje barabarani na miguu mitupu? Na haki ya Mungu, lilimkaa.

Saa sita baba mkwe akabisha hodi. Shemeji akanyakua shela, akajifunika uso mzima.

"Mwanamume yuko wapi?" mzee akauliza.

"Baba, huyu hapa..." fundi akaanza.

"Kelele! Sijakuuliza wewe."

Sasa alimuuliza nani, cherehani? Nami nikafungua mdomo, akaninyooshea fimbo, nikaufunga. Fundi akajaribu tena, akakatizwa tena. Machozi yakamlenga. Sijawahi kumwona akilia, hata msibani alijikaza kisabuni. Roho iliniuma sana.

Mzee akamgeukia bibi harusi. "Hongera, binti yangu. Mtii mumeo. Wanaume wakiongea, wewe nyamaza. Usije ukawa na kichwa kigumu kama huyu."

Bibi harusi akaitikia kwa kichwa, kwa adabu zote.

"Mnaona? Huyu kafundwa!" Mzee akagonga fimbo sakafuni. "Basi, duka halina mwanamume. Kuanzia leo ni la mwanangu."

"Asante sana, baba!" ikalipuka sauti nzito kutoka ndani ya shela.

Loo! Mzee akasogea, akaliinua shela kwa ncha ya fimbo. Akakutana na ndevu. Akazitazama ndevu, akaitazama lesi kifuani, akarudi kwenye ndevu.

"Mwanamume ndiye huyo, baba," fundi akasema, na safari hii hakuna aliyemkatiza. "Yupo tangu asubuhi."

Mzee akaketi kwenye kiti cha shemeji, akaomba maji. Alipomaliza kunywa akasema duka libaki kwa mwenye nalo, na ile sheria asimsikie tena mtu akiitaja, nyumbani wala njiani.

"Na suruali yangu?" shemeji akauliza.

"Bado mbichi," nikamjibu.

Tukamkalisha pale kitini na gauni lake hadi jioni. Wateja walioingia walimpa hongera, naye akanyamaza kama alivyofundwa.