Wivu kwa mdogo wangu ulivyoninunulisha spika za 5.1 zisizofaa kwa game

Wakuu, salaam kutoka Kibeta, Bukoba. Haya yamenikuta mimi mwenyewe, si jirani wala rafiki wa rafiki. Pale panaponiaibisha sijaparuka.

Mimi ni mtu wa kompyuta. Kazini kompyuta, nyumbani kompyuta. Pombe sinywi, mpira siangalii. Starehe yangu ni game za bunduki za mtandaoni, kwenye desktop.

Nina mdogo wangu, Deo, mtoto wa baba mdogo. Anafundisha Kamachumu, kule Muleba. Mimi ndiye niliyemfundisha kushika mouse.

Kila Jumamosi mchana tulikuwa tunaingia mtandaoni, mimi hapa, yeye kule, timu ya watu wawili. Naongoza mimi. "Kaka, twende wapi?" Namwambia, anafuata.

Mwaka jana akajikusanya akanunua desktop mpya yenye graphics card ya maana. Nikampongeza kwa mdomo.

Moyoni roho iliniuma, wakuu, nisiwafiche. Mwalimu wa Kamachumu achezee mashine nzuri kuliko mimi niliyeko mjini? Nikaanza kumpunguzia mazungumzo.

Halafu akapata spika. Alizipata wapi, hakusema na mimi sikuuliza. Seti kamili ya surround, sauti ya kukuzunguka pande zote, spika tano na sabufa.

Hapo ndipo nilipoanza kuona cha moto. "Kaka, nyuma yako kushoto." Nageuka, kweli yupo mtu. "Kaka, kuna mtu anapanda ngazi." Mimi na vispika vyangu viwili vya pembeni ya monitor nasikia vishindo tu. Nikawa nakufa wa kwanza kila raundi.

Najua kuna watakaosema headset. Navaa miwani, headset inanibana mpaka kichwa kinagonga. Hiyo tuiache.

Jumamosi moja naingia, nakuta Deo ameshaanza na mtu mwingine. Jamaa mmoja mwenye duka la dawa Muleba mjini.

"Kaka, wewe utaingia raundi ijayo."

Raundi ijayo! Mimi! Nikaapa nafasi yangu nitairudisha, na nitairudisha kwa spika kubwa kuliko zake.

Mwenye akili angempigia Deo amuulize, ninunue zipi? Lakini mnajua mnavyotuita Wahaya, nshomile, wasomi wa kujisifu. Mimi nina diploma ya mambo hayohayo ya kompyuta. Nimuulize mdogo wangu? Bora nikosee.

Basi nikakosea.

Niliingia duka moja mjini. Huku kwetu sabufa inanunuliwa ya sebuleni, Krismasi ndugu wakirudi nyumbani, au ya send-off. Mtu haulizi ina nyaya ngapi, anauliza itasikika mpaka kwa nani.

Muuzaji akaweka wimbo wa harusi. Kioo cha kabati kikatetemeka, wapita njia wakageuka. Boksi limeandikwa 5.1 kwa maandishi makubwa, yaani spika tano na sabufa moja, kama za Deo. Nikajua Deo kwisha habari yake. Nikalipa, wala sikuomba kusikia hata mlio wa risasi moja.

Nyumbani nikazipanga: mbili mbele, moja katikati, mbili nyuma ya kiti. Nyaya nikazipitisha chini ya zulia. Mama Koku, mke wangu, akaniuliza, "Zote hizi za kukusikilizisha wewe peke yako?" Nikaendelea kulaza zulia.

Jumamosi ikafika. Deo akaniingiza, yule jamaa akapumzika kidogo.

Nikasikia hatua nyuma yangu. Na mbele. Na kushoto, na kulia. Kila spika inasema kilekile. Nageuka huku, napigwa kutoka kule.

"Kaka, husikii?"

"Nasikia vizuri sana. Ni mtandao tu."

Nilidanganya hivyo Jumamosi tatu mfululizo. Ya nne Deo hakunisubiri tena.

Wiki iliyopita akaja mjini kwa shughuli zake, akapita nyumbani kutusalimia, na mkungu wa ndizi wa kutoka kibanjani kwao. Nilikuwa nimepanga asifike kwenye kompyuta. Mama Koku akaniwahi. "Shemeji, njoo uone spika za kaka yako!"

Deo akainama nyuma ya CPU. Kisha akaenda nyuma ya sabufa. Akaufuata waya kwa kidole.

"Kaka, unaotoka kwenye kompyuta ni huu waya mmoja tu?"

"Ndiyo. Kwani?"

"Waitu, kaka. Huu unabeba sauti ya kushoto na ya kulia tu, halafu sabufa inazirudia kwenye spika zote. Ya game inataka nyaya tatu. Mmoja wa spika za mbele, mmoja wa nyuma, mmoja wa katikati na sabufa. Kompyuta yako ina matundu matatu, inaweza kabisa. Hii sabufa ndiyo haina pa kuzipokelea."

Angecheka ningepata sababu ya kukasirika. Hakucheka. Nikamuuliza kwa ukali, "Wewe basi za kwako ulizipata wapi?"

Akasema kuna ofisi pale Muleba ilikuwa inauza vifaa vyake vya zamani.

"Zilikuwepo seti mbili, kaka. Nilizishika zote, moja yangu, moja yako. Nikakupigia palepale mara mbili nikuulize kama kompyuta yako ina matundu. Hukupokea. Yule wa duka la dawa alikuwa amesimama pembeni, akaichukua. Ndiyo tulivyofahamiana."

Wakuu, siku ile naikumbuka. Simu ilikuwa mezani mbele yangu. Niliona jina lake, nikajisemea huyu anataka kunitambia desktop yake. Nikaigeuza kifudifudi. Ikaita tena, nikaiangalia inavyotetemeka mpaka ikanyamaza.

Nikamwambia ilikuwa kwenye chaji. Akaamini. Mama Koku akaleta chai, tukanywa.

Kwa mnaotafuta spika za game: anzeni nyuma ya CPU, mwone matundu ya sauti ni mangapi. Nendeni nyuma ya sabufa, kama pa kuingizia sauti ni mahali pamoja tu, hiyo ni ya sherehe, hata boksi liseme nini. Dukani jaribuni na game, wimbo wa harusi utawadanganya. Na muulizeni anayejua, hata kama mlimfundisha nyinyi kushika mouse.

Sasa hivi ni Jumamosi, saa tisa mchana. Deo na yule jamaa wanacheza, nawaona wako online.

Toeni maoni, hata wa kunisema aniseme. Ila kama kuna aliyewahi kumwambia ndugu yake, "Nilikuonea wivu," naomba anielekeze alianzaje, maana tangu asubuhi namwandikia Deo na kufuta.