Michi Miwili, Kinu Kimoja

Niliusikia mdundo kabla sijafumbua macho: michi miwili ikipokezana ndani ya kinu kimoja, bila kugongana. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Tulikuwa tumefika jana yake, Alhamisi jioni, kutoka Nachingwea mjini, vijana sita wa kanisa moja la Dar es Salaam, kwa ziara ya wiki moja ya kutembelea makanisa madogo. Kijiji hiki, upande wa Nambambo, nilikiomba mimi. Hapa alikuwa akifundisha rafiki yangu wa sekondari, mtu wa Njombe, aliyepangiwa kazi huku akiwa hajui hata mkorosho unafananaje.

Nilipotoka uani nilimkuta akitwanga mahindi na jirani yake, mama mtu mzima wa Kimwera, Mwislamu, ambaye rafiki yangu alimwita Bibi. Mtoto wa mwaka mmoja aliyelala mgongoni kwa Bibi alikuwa wa rafiki yangu. Kila siku ya shule, mama yake akiwa darasani, mtoto alishinda kwa Bibi.

"Mgeni, shika mchi tukuone," Bibi alisema.

Nilijaribu. Mchi wangu uligonga wa rafiki yangu, punje zikaruka.

"Huyu anatwanga au anaua nyoka?"

Tulicheka mpaka mtoto akaamka.

Bibi alipokwenda kwake, rafiki yangu alinivuta kando. "Kesho ni arobaini ya marehemu mwanawe wa mwisho. Nitakuwa jikoni kwake tangu asubuhi. Mwambie kiongozi wenu mkutano wenu wa injili uanze baada ya alasiri, kisomo cha dua kikiisha. Usisahau."

"Nitamwambia."

"Yule ndiye mama yangu huku. Sina mwingine."

Sikusahau. Laiti ningesahau. Jumamosi asubuhi kiongozi alitangaza mikutano miwili, wa kwanza saa sita mchana, kwa kuwa Jumapili alfajiri gari lingetuchukua kwenda Ruangwa. Wenzangu walipiga makofi. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimechaguliwa kusoma zaburi ya kufungulia, na niliona aibu kuwa wa kuwapoza. Nikanyamaza. Spika ilifungwa kwenye nguzo ya kanisa, hatua chache kutoka kwa Bibi. Kiongozi akaona watu wamejaa kwenye mikeka uani kwa Bibi, akaigeuzia huko.

"Kule ndiko kuna watu," alisema.

Hata hapo nilinyamaza. Na sauti ya kwanza kutoka kwenye spika ilikuwa yangu.

Wazee waliokuwa wakisoma dua walisita, wakangoja nimalize. Nilipomaliza, ikapokea kwaya. Hakuna aliyekuja kutugombeza. Walikunja mikeka wakaingia nayo ndani; nyumba haikuwatosha, wengine wakaondoka kimya kimya. Rafiki yangu alitoka jikoni, mwiko mkononi, akanitazama. Bibi akatoka nyuma yake. Aliuchukua ule mwiko taratibu, akamfungua mtoto mgongoni mwake, akamkabidhi mama yake.

Jioni sinia ya wali kutoka kwa Bibi ililetwa mlangoni kwetu, fungu la wageni, imefunikwa kwa kawa. Aliyeileta hakupiga hodi. Rafiki yangu hakuigusa.

"Ulimwambia kiongozi wenu?"

"Sikumwambia."

"Ungenidanganya tu," alisema, akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Ungesema ulimwambia, akakataa."

Jumapili niliamshwa tena na mdundo. Mchi mmoja, ng'ambo kwa Bibi, na kati ya pigo na pigo palibaki nafasi ya mtu mwingine. Rafiki yangu alikuwa amesimama sebuleni, mtoto mgongoni, akisikiliza.

"Twende nikamwombe radhi," nilimwambia.

"Atakusamehe. Atakupa na kiti ukae. Halafu wewe utapanda gari." Akaniokotea begi langu, akalipangusa vumbi kama alivyokuwa akifanya siku zote. "Mimi kesho nina vipindi sita, na sina wa kumwachia mtoto."

Honi ililia barabarani. Nilitaka kumkumbatia, lakini mtoto alianza kulia, akinyoosha mikono kuelekea kule kinu kilikokuwa. Mama yake akamgeuzia upande wa pili. Nikavuka kizingiti na begi langu. Sikuwa nimefika hata mwisho wa baraza, nikasikia mlango ukifungwa.