Nilivyofupisha Maneno ya Daktari Yohana

Mkitaka kunicheka nichekeni, maana aibu yangu ilishazunguka huku juu Newala kote na kuteremka mlima mpaka Masasi kabla mimi mwenyewe sijafika nyumbani, na jirani aliyenipokea mlangoni jioni ile hakuniuliza habari za safari, aliniuliza, "Mama Nasri, eti wamekunyang'anya jembe?"

Kazi yangu ni kuwasaidia watafiti waseme na wakubwa. Zamani nilikuwa mtangazaji wa redio (watu wa umri wangu wanaikumbuka sauti, sura hawaijui, na heri iwe hivyo), na mradi mmoja wa utafiti wa korosho ukanichukua kwa sababu wataalamu wao walikuwa wakienda kwenye vikao vya madiwani wanasoma makaratasi, madiwani wanasinzia, kikao kinafungwa kwa dua na hakuna kilichoamuliwa. Nikaambiwa, hawa watu wanajua mambo, wafundishe kuyasema. Nikasema hiyo kazi ndogo.

Mtu wangu wa kwanza alikuwa Daktari Yohana. Ni daktari wa mimea, si wa sindano, ingawa kila kijiji tulichofika lazima atokee mtu wa kumwonyesha mguu. Mpole, sauti ya chini, ukimuuliza saa ngapi anaitazama saa mara mbili ndipo ajibu. Alikuwa amehangaika sana na ugonjwa wa mnyauko, ule unaoukausha mkorosho tawi kwa tawi mpaka unabaki kuni, na alichotaka kuwaambia madiwani ni kwamba katika baadhi ya mashamba aliyoyapima, udongo unaoganda kwenye jembe huenda ni njia mojawapo inayousafirisha ugonjwa kutoka shamba hadi shamba, na kwamba kuukwangua udongo huo kabla ya kuingia shamba la pili kunaweza kupunguza hatari.

Nikamwambia, "Daktari, ukifika hapo kwenye 'mojawapo' diwani ameshaingia kwenye simu yake."

"Lakini ndivyo ilivyo, Mama Nasri."

"Ndivyo ilivyo, ila haimezeki."

Nikashika kalamu. Nikafuta "baadhi", nikafuta "huenda", nikafuta "mojawapo", na ile habari ya kukwangua niliiacha kwanza, halafu nayo nikaifuta kwa sababu ilikuwa inaharibu mizani (ndiyo, mizani, kama vile tunakwenda kuimba taarabu). Kilichobaki kilikuwa hiki: Jembe la mgeni, msiba shambani.

Daktari akakitazama kile kikaratasi. "Neno mgeni mimi sikuliandika," akasema.

"Jembe linalotoka shamba jingine si mgeni?"

Akakuna kidevu, akasema, "Haya, mtaalamu wa kusema ni wewe." Hapo ndipo ningepaswa kushtuka, maana mtu anayeitazama saa mara mbili akikubali haraka, ujue amekuheshimu, hajakubaliana nawe. Sikushtuka. Nilikuwa nimeupenda ubeti wangu.

Kikao chenyewe kilikuwa cha halmashauri moja ya huku (sitaitaja, wenyewe bado tunasalimiana), na niwaambie ukweli, tulitisha. Daktari alisema kwa ufupi kama nilivyomfundisha, picha za mikorosho iliyokauka zikaonyeshwa, halafu mimi, kwa kiherehere changu ambacho hakuna aliyekiomba, nikasimama nikasema, waheshimiwa, nikisema jembe la mgeni nyinyi mnaitikiaje? Wakaitikia, "Msiba shambani!" Mara ya pili ukumbi ukatetemeka. Diwani mmoja mzee akanifuata nje akanishika mkono akaniambia miaka yote anakaa kwenye vikao, leo ndiyo ameelewa. Njia nzima ya kurudi Masasi nilikuwa najisikia nimeota mabawa, na Daktari Yohana alikuwa anatazama dirishani.

Basi yakapita majuma, ukafika wakati wa palizi. Mama yangu anakaa Chilangala, ana mikorosho yake aliyoachiwa na marehemu baba, na kila mwaka palizi yake hufanywa na vibarua wanaokuja kwa makundi kutoka upande wa Chiungutwa. Akanipigia simu. "Vibarua mwaka huu hawaonekani, nyasi zimenifika kiunoni, nakaa humo kama digidigi." Nikamwambia watakuwa wamepata kazi kwingine. Akapiga tena, safari hii analalamika kwa Kimakonde kitupu, na mama akishaacha Kiswahili ujue mambo yameharibika, kwa hiyo Jumamosi nikachukua jembe langu la nyumbani, nikapanda basi mpaka Newala mjini, pale nikachukua bodaboda, jembe nimelilaza mapajani, tukashika njia ya Chilangala.

Kijiji kimoja kabla ya kufika, tukakuta mti umelazwa barabarani. Pembeni wameketi wanaume kadhaa chini ya kibanda cha makuti, na upande wa pili wanawake wamekaa juu ya vifurushi vyao, wamechoka, majembe yao yamelundikwa kama kuni za msibani. Mwenye kizuizi, waliyekuwa wakimwita Baba Salumu, akaja taratibu, akasalimia vizuri tu, halafu akanyoosha mkono.

"Jembe hilo, mama. Halipiti."

"Kwa nini?"

Akacheka kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto, akasema, "Jembe la mgeni..." na wenzake kibandani wakamalizia, "Msiba shambani!"

Jamani. Na kama vile hiyo haitoshi, dereva wangu wa bodaboda, ambaye njia nzima nilimsimulia kazi yangu kwa majivuno, akasema kwa sauti, "Si ndiyo yako hii, mama? Si wewe uliyeitunga?"

Watu wakasimama. Mmoja wa wale wanawake, mtu mzima, akajitambulisha kuwa ni Mama Asumini wa Chiungutwa. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, maana adabu ni adabu, kisha akauliza, "Mwanangu, tumerudishwa hapa jana, tumerudishwa na leo. Palizi ndiyo kula yetu. Jembe langu limemkosea nani?"

Nikaanza kujieleza, hapana, hatukumaanisha watu wasije, maana yake udongo ndio wenye tatizo, jembe likiwa safi halina neno. Nikatafuta namna ya kurahisisha (ugonjwa wangu ule ule), nikasema, "Osheni tu majembe, basi, mpite!"

Kicheko kilichopasuka pale sitakisahau. Kuosha! Huku juu, ambako ndoo ya maji inafuatwa bondeni na kupandishwa kichwani, mimi mzaliwa wa Chilangala niliyebeba hizo ndoo mpaka utosi ukaota kipara, nasimama mbele za watu nawaambia wakaoshe majembe. Mama mmoja akasema, "Tuoshe majembe, watoto tuwanyweshe nini?" Baba Salumu hakucheka. Alisubiri kelele zitulie, akaniuliza.

"Diwani wetu alikuja na maneno yako ya kwanza, tukayashika. Leo umekuja na mengine. Na kesho utakuja na yapi?"

Jembe langu wakalilundika pamoja na mengine. Nikamalizia njia nikiwa mikono mitupu, nikang'oa nyasi za mama kwa mikono mpaka jua likageuka, naye akinitazama kutoka barazani.

Nilimpigia Daktari Yohana kutoka pale pale. Hakunilaumu, na hilo liliniuma kuliko lawama. Alisema tu, "Tuwaombe watupe nafasi tena." Tukapewa, kwenye kikao kingine, mbele ya madiwani wale wale, na safari hii mimi ndiye niliyeanza. Nikasimama nikasema, waheshimiwa, niliwafupishia maneno mpaka nikawapa uongo, na mwenye utafiti hakusema hivyo. Miguno ikapita ukumbini. Yule diwani mzee aliyenishika mkono akaangalia chini, maana yeye ndiye aliyekuwa ameenda vijijini kuyahubiri, na sasa nilikuwa nimemvua nguo mbele ya madiwani wenzake.

Daktari akasema yake yote, marefu, pamoja na huenda zake. Diwani mmoja mwanamke akamkatiza, "Kwa hiyo hamjui?"

"Tunajua kiasi, mheshimiwa," akasema kwa sauti yake ile ya chini, ikabidi watu wanyamaze wamsikie. "Hatuna hakika ya kumzuia mtu asipite. Tuna sababu ya kutosha ya kumwomba akwangue jembe lake kwa kijiti kabla hajaingia. Maji hayahitajiki. Tukijua zaidi, tutarudi."

Hakuna aliyesinzia. Waliuliza maswali mpaka chakula kikapoa.

Vizuizi viliondolewa, ingawa si siku moja wala si kwa moyo mmoja. Wapo ambao hadi leo wanamtazama kibarua wa kutoka mbali kwa jicho la pembeni, na jicho hilo mimi ndiye niliyewapa. Nilikwenda Chiungutwa kumtafuta Mama Asumini nimwombe radhi. Nikamkuta anapepeta mbaazi uani. Akanipa kigoda, akanisikiliza mpaka mwisho, ungo haujasimama.

"Nimekusikia, mwanangu," akasema. "Nimekusamehe. Ila palizi imeshapita."

Bado nafanya kazi ile, na kufupisha bado nafupisha, maana kurasa za watafiti mkiziona mtanihurumia. Lakini mtafiti akija na maneno yake, kabla sijagusa hata nukta namuuliza, wakikuamini wote leo, kesho asubuhi watakwenda kumfanya nani nini? Wengi hawakuwahi kuulizwa hivyo. Namsubiri ajibu, hata kama gari la kutupeleka kwenye kikao linapiga honi nje.